Pikipiki zinazoingia sebuleni kwa Mama Ganza

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu wa Musanze, kaskazini mwa Rwanda, bado umelalia mashamba ya viazi. Katika mtaa wa Cyuve, kwenye nyumba yenye ua wa mawe meusi, mlango wa sebule uko wazi na ubao mrefu umelazwa juu ya vidato viwili vya kuingilia.

Théoneste Habiyakare anaisukuma pikipiki yake juu ya ubao huo. Jasho linamtoka ingawa baridi inauma. Anaipitisha kati ya kochi na meza ya chai, anaiegesha juu ya gunia lililotandikwa sakafuni, kisha anasimama akihema kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Igeuze, ekzosi iangalie mlangoni," anaagiza mwenye nyumba, kitenge kikiwa kimefungwa kichwani. "Juzi mmoja aliwasha ikiangalia kabati. Vikombe vyangu viligeuka vyeusi kama masufuria."

Huyo ndiye Dative Nyirarukundo, mwenye umri wa miaka 43, anayefahamika na wengi kwa jina la Mama Ganza. Hashiki spana. Mezani kwake kuna kompyuta mpakato kuukuu iliyopasuka pembe moja na kuzibwa kwa gundi ya karatasi, kebo tatu, na daftari.

Kabla ya kugusa chochote anauliza maswali.

"Haya, inakusumbua nini?"

"Inakunywa petroli, Mama Ganza. Inakunywa kama ina hasira na mimi."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili sasa."

"Na moshi?"

"Mweusi. Abiria wanashuka wananuka kama vibatari. Nimebadilisha plagi mara mbili, nikabadilisha na chujio la hewa. Wapi!"

Dative anang'oa kiti cha pikipiki, anapapasa chini yake na kutoa kichomeo kidogo cha kuunganishia kebo, kisichozidi kidole gumba. Anachomeka kebo. Anamwambia Théoneste afungue swichi bila kuwasha injini. Kwenye kioo cha kompyuta, namba zinaanza kushuka moja baada ya nyingine.

Anazitazama kwa muda, kisha anatabasamu.

"Théoneste, leo kuna baridi kiasi gani?"

"Ya kawaida tu. Kumi na nne, kumi na tano hivi."

"Pikipiki yako inasema ni digrii arobaini chini ya sifuri."

"Chini ya sifuri ndiyo wapi?"

"Ndani ya friji ya mwenye bucha."

Kutoka kwenye kiti cha pembeni, bibi aliyejifunika blanketi hadi kifuani anacheka mpaka fimbo inamdondoka. Ni Nyirakanyana, mama mkwe wa Dative, na kiti hicho hakikaliwi na mtu mwingine. "Hata juu ya mlima Karisimbi hawajaiona baridi hiyo," anasema. "Mwambie kijana aache kuinywesha pombe."

Dative anaeleza taratibu. Kuna kidude kinachoipima injini joto, mafundi wanakiita sensa. Waya wake ukikatika, pikipiki haipati jibu, inaamini imezungukwa na barafu, na inaanza kumwaga petroli nyingi ili isizimike. Anainama na tochi nyuma ya injini. Waya upo, lakini umetafunwa.

"Unailaza wapi?"

"Ghalani. Karibu na magunia ya mahindi." Théoneste anajipiga paji la uso. "Panya! Nimenunua plagi mbili kwa sababu ya panya!"

Dative anachana karatasi, anaandika tatizo ni lipi, liko wapi na waya upi uunganishwe, kisha anamkabidhi. "Mpelekee fundi, Mzee Sebuhoro. Usimruhusu abadilishe kingine."

Kazi yote imechukua dakika ishirini na tano.

Miaka sita iliyopita, Dative hakujua hata plagi inakaa upande gani.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa mchapaji katika duka la kuchapa na kudurufu lililokuwa likitazamana na ofisi za wilaya. Alichapa barua za kuomba kazi, malalamiko ya mipaka ya mashamba, hotuba za harusi. "Hata barua za mapenzi nilichapa," anasema. "Mtu anakaa mbele yangu, anasema andika kwamba silali kwa kumuwaza, mimi naandika silali. Nilizijua siri za nusu ya mji huu na sikumwambia mtu."

Watu walipoanza kumaliza shida zao kwenye simu, foleni ya dukani ikakatika. Mwenye duka alifunga, akamgawia Dative ile kompyuta aliyoizoea, mashine ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuinunua.

Mwezi huohuo Nyirakanyana aliteleza shambani akavunjika nyonga. Lazima mtu abaki nyumbani kumgeuza, kumwogesha, kumpa dawa. Mume wa Dative, Callixte Nsanzineza, ni motari. Anabeba abiria kwa pikipiki mjini na vijijini kutwa nzima. Ganza, binti yao, alikuwa shule ya bweni. Aliyebaki akawa Dative na kompyuta yake.

"Nilijiona kama kiti kilichowekwa stoo," anakumbuka. "Nilikuwa namwogesha mama, namlisha, halafu nakaa namtazama na yeye ananitazama."

"Na mimi nilikuwa nakwambia toka nje ukaote jua," anadakia mama mkwe. "Ulikuwa mkaidi."

Pikipiki iliyobadilisha maisha yao ilikuwa ya Callixte mwenyewe. Aliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa mtu wa Kigali. Ilikuwa ya aina mpya, isiyo na kabureta, ambayo kila kitu ndani yake kinaamuliwa na kisanduku kidogo cha umeme kilichofichwa chini ya kiti. Miezi miwili ya mwanzo ilienda vizuri. Kisha ikaanza kuzimika.

Haikukohoa wala kupunguza nguvu. Ilikata tu, ikiwa kwenye mwendo, mara nyingi kwenye barabara ya mawe ya kwenda Vunga. Akisimama dakika mbili na kuiwasha upya, iliwaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Callixte aliipeleka kwa Mzee Léonidas Sebuhoro, fundi ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna pikipiki iliyopita Musanze bila kupita mikononi mwake. Mzee alibadilisha plagi, akabadilisha betri, akabadilisha pampu ya mafuta. Mwisho alifuta mikono akasema, "Iuze. Hii ina pepo."

Hakuiuza. Siku moja akiwa amempakia mwalimu wa shule ya msingi, pikipiki ilikata kwenye kona, lori la viazi likiwa linashuka mbele yao. Dereva wa lori alipiga honi tu, maana hapakuwa na nafasi ya kukwepa. Callixte aliielekeza pikipiki mtaroni. Mwalimu alichunika magoti, yeye akateguka bega, na lori likapita likiwa limewakosa kwa urefu wa mkono.

Callixte, bega likimuuma, aliisukuma pikipiki kilomita saba hadi nyumbani, akaiingiza sebuleni, akakaa chini bila kuvua koti.

"Alisema kesho anakwenda kutafuta kazi ya kuponda mawe," anasimulia Dative. "Mimi sikuwa nasikiliza maneno. Nilikuwa namtazama macho. Mume wangu alikuwa anaiogopa pikipiki yake. Nilishamwona akiwa na njaa, nilishamwona akiwa na hasira. Woga sikuwahi kuuona kwake."

Asubuhi iliyofuata, baada ya kumlisha mama uji, alikaa mbele ya ile pikipiki kama alivyokuwa akikaa mbele ya wateja wa barua. Aliona kichomeo kisichounganishwa na kitu chochote. Akajiuliza kimewekewa nani.

Swali hilo lilimpeleka mbali. Kwa vifurushi vidogo vya intaneti alianza kutafuta, na akagundua kwamba watu wa nchi za mbali wanaotumia pikipiki za aina ile wanazichomeka kwenye kompyuta. Wengi walikuwa Indonesia na India. Walizungumza lugha asizozijua hata salamu.

"Nilizima sauti," anasema. "Nikawa natazama mikono yao tu. Mikono inasema wazi."

Kebo aliiagiza kwa dereva wa basi la Kampala, na ilichukua majuma matatu kufika. Alipoichomeka, kompyuta haikuona kitu. Siku ya pili hivyohivyo. Alibadilisha programu, akafuta, akaweka nyingine. Siku ya kumi asubuhi, akiwa na mkono mmoja kwenye sufuria ya maharage, aliona namba zikianza kutembea kwenye kioo.

Alipiga kelele hadi jirani akaja na jembe akidhani kuna nyoka.

Furaha ile haikudumu. Sehemu ya makosa iliandika neno moja tu, kwamba hakuna hitilafu. Alichomoa, akachomeka tena. Hakuna hitilafu. Callixte, bega likiwa limefungwa kitambaa, alimtazama kwa huruma. "Mama Ganza, wacha. Mzee ameshindwa, itakuwa wewe na mashine ya barua?"

Alipokuwa akivuta kiti ili apite, Callixte aligonga tairi la nyuma kwa mguu. Dative aliona namba moja ikiruka.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Ulichofanya. Igonge tena!"

Aliigonga. Namba iliruka kutoka moja hadi karibu nne, ikarudi. Wakaitikisa pamoja, mmoja huku, mwingine kule, na kila walipotikisa namba ilicheza. Dative aliitafuta maana yake kwenye orodha. Ilikuwa ya kidude kinachoijulisha pikipiki kwamba imeanguka, ili injini ijizime isimuunguze dereva. Walifungua ubavu wakakikuta kinaning'inia kwenye kipande cha waya. Mwenye pikipiki wa kwanza alishawahi kuanguka nayo, na aliyeitengeneza hakurudisha mipira inayokishikilia. Kila jiwe la barabara ya Vunga lilikuwa likikirusha, na pikipiki ikiamini imelala chini, inazima.

Callixte alikata vipande viwili vya mpira kutoka kwenye kandambili iliyochakaa. Bega lilipopona alikwenda Vunga na kurudi, akageuza akaenda tena na kurudi. Aliporejea hakuingia ndani. Alisimama uani akipiga resi na kupiga kelele, "Dative! Toka usikie! Toka usikie!"

Dative alitoka, akaketi kwenye kidato, na anakiri kwamba alilia.

Habari zilisambaa kwenye vituo vya pikipiki. Alianza kuja mmoja, wakaja wawili. Wengine walikuja kucheka. Mzee Sebuhoro ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. "Pikipiki si barua," aliwaambia vijana waliokuwa gereji kwake. "Haichapwi."

Maneno hayo yalimkera, lakini kilichomwangusha ni kosa lake mwenyewe.

Motari mmoja, Évariste Ndagijimana, baba wa watoto wanne, alimletea pikipiki iliyokuwa inawaka inapotaka. Dative alichomeka, akaona kosa la pampu ya mafuta, akaandika kwenye karatasi: badilisha pampu. Évariste aliuza mbuzi akanunua pampu. Siku mbili baadaye pikipiki ilimwacha njiani, vilevile kama mwanzo.

Safari hii aliipeleka kwa Sebuhoro. Mzee alipitisha kidole chini ya tangi, akavuta waya mmoja mweusi, ukakatikia mkononi mwake. Ulikuwa umeoza ndani huku ganda la nje likiwa zima.

Évariste alikuja Cyuve siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani. Alisimama barabarani mbele ya ua.

"Mama Ganza! Umesoma mashine, hukusoma pikipiki! Mbuzi wangu yuko wapi?"

Kesho yake Callixte alimpelekea Évariste mbuzi wao, naye alimpokea bila kusema asante. Kwa majuma matatu hakuna pikipiki iliyokanyaga uani, na kompyuta ilikaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa.

"Mimi ndiye niliyemuudhi kwa makusudi," anasema Nyirakanyana. "Nilimwambia, mkwe wangu, ukitaka kulala, tulale wote wawili, nani atatupikia? Kama hujui, nenda kwa anayejua."

Dative alikwenda. Ilikuwa Jumatatu asubuhi na gereji ya Sebuhoro ilikuwa imejaa watu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuuona ule waya."

Vijana walitazamana. Sebuhoro alivuta droo. Alikuwa ameuhifadhi.

"Mashine yako ilisema nini?" aliuliza.

"Ilisema pampu haipati nguvu."

"Ilisema haipati nguvu, au ilisema imekufa?"

Dative alifikiri. "Ilisema haipati nguvu."

"Basi haikudanganya." Mzee aliuweka waya kiganjani mwake. "Wewe ndiye uliyesikia imekufa."

Dative anasema hakuna darasa lililowahi kumfundisha zaidi ya hapo. Alimwomba mzee amfundishe. Mzee alikataa palepale. Alikuwa na miaka sitini na tatu, alisema, na hafungui shule.

Siku iliyofuata Dative alirudi akiwa na chupa ya chai ya maziwa na ujumbe kutoka kwa mama mkwe wake. Aliutoa mbele ya watu kama alivyotumwa: "Mama anauliza, mwaka ule ulipoingia na baiskeli katikati ya viazi vyake, nani alikuosha matope ili baba yako asijue?"

Gereji nzima iliangua kicheko. Sebuhoro alijaribu kukunja uso, akashindwa. "Yule mwanamke bado yuko hai?" alisema. "Kaa pale. Usiguse kitu mpaka nikwambie."

Kwa miezi minne, kila Jumatatu na Ijumaa, jirani alimwangalia Nyirakanyana kwa saa mbili na Dative alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa gereji kwa Sebuhoro. Alijifunza kupapasa waya akiwa amefumba macho. Alijifunza kunusa petroli iliyochanganywa na maji, na kusikia mnyororo uliolegea kabla pikipiki haijasimama. Hakuruhusiwa kuja na kompyuta.

Jambo ambalo mzee hakulisema ni kwamba naye alikuwa taabani. Pikipiki zisizo na kabureta zilikuwa zikiongezeka kila mwezi, na alikuwa akizirudishia getini. Kati ya mafundi wanne aliokuwa nao, watatu walikuwa wameshaondoka. Wenye pikipiki walizipakia kwenye magari kuzipeleka Kigali.

Asubuhi moja ya mvua, Dative alisikia mtu akikohoa uani. Alipofungua mlango alimkuta Mzee Sebuhoro amelowa chapachapa, ameshika usukani wa pikipiki ya afisa kilimo. Alikuwa ameisukuma mwenyewe kutoka mjini, kupanda mlima, ili kijana yeyote asijue.

"Hii nimehangaika nayo siku tano," alisema akitazama pembeni. "Chomeka hicho kitu chako. Na usimwambie mtu nimekuja."

"Léonidas!" sauti ya Nyirakanyana ilitoka ndani. "Pangusa miguu!"

Ilikuwa nozeli, ile sindano inayopulizia petroli ndani ya injini. Kompyuta ilionyesha kwamba inafunguka kwa kuchelewa, na vidole vya Sebuhoro vikaona ni kwa nini: kichomeo chake kilikuwa kimeingia kutu. Walimaliza kabla ya chakula cha mchana, wakala pamoja viazi na dodo, ile mboga ya mchicha. Kufikia saa kumi, nusu ya Cyuve ilikuwa inajua nani alikuwa kwa Mama Ganza.

Tangu hapo wanafanya kazi kwa kutumiana. Dative anachunguza nyumbani, Sebuhoro anatengeneza gereji. Akiwa na shaka, mzee anapanda mwenyewe na kijibegi chake. Mafundi wawili kati ya waliokimbia wamerudi.

"Yeye ana mashine, mimi nina vidole," anasema Sebuhoro. "Tukibishana, tunakwenda kwa mama mkwe wake. Yeye hajui pikipiki lakini anajua nani kati yetu hajafikiri vizuri."

Kwa wiki Dative anapokea pikipiki kumi hadi kumi na mbili, na anatoza faranga elfu tatu kwa kila moja. Asipoona tatizo hatozi. Kipato hicho, anasema, kinamweka Ganza chuoni na kinalipia dawa za mama. Évariste naye amerudi. Siku ya kwanza hakuomba radhi wala hakuombwa. Alikuja na ubao mrefu begani, akaulaza kwenye vidato, akasema vidato hivi vinawavunja watu mgongo.

Shida bado zipo. Betri ya kompyuta ilikufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, kila kitu kinaanza upya. Baadhi ya pikipiki mpya zina vichomeo ambavyo kebo zake haziviingii. Na wako wanaume ambao wakifika na kumkuta mwanamke mezani, wanauliza fundi yuko wapi.

"Namwambia, fundi anachemsha maharage, atakuja sasa hivi," anasema Dative. "Naingia jikoni, nageuza maharage, natoka. Namwambia, haya, nimefika."

Kitu anachojivunia zaidi kimo kwenye lile daftari la mezani. Orodha ya makosa inayotolewa na kompyuta imeandikwa kwa Kiingereza na Kichina. Kwa kuwa alikuwa mchapaji, ameanza kuihamishia kwenye Kinyarwanda, kosa moja baada ya jingine. Chini ya kila kosa, Sebuhoro anamwambia kitu cha kuongeza, na Dative anakiandika kama alivyokitamka. Kwenye kosa la pampu kumeandikwa: Usinunue chochote. Kwanza vuta waya mweusi ulio chini ya tangi.

Wamefika kosa la sabini na mbili. Wanataka kila gereji ya kaskazini iwe na nakala.

Lakini mwaka huu Dative ana jambo jingine moyoni. Pikipiki nyingi zinaharibika mbali, huko wilaya ya Burera na kandokando ya maziwa, mahali ambapo hakuna gari la kuzipakia. Wenyewe wanapiga simu wakieleza, naye anajikuta akisema, ileteni. "Mhudumu wa afya alinipigia mwezi jana. Pikipiki imezima, ana chanjo mgongoni, yuko kilomita arobaini. Nikamwambia ilete. Nilipokata simu niliona aibu. Ailete vipi?"

Ndiyo maana mwezi uliopita, mwanamke huyu ambaye ameshachunguza mamia ya pikipiki bila kujua kuendesha hata moja, alifanya mtihani wa sheria za barabarani akafaulu. Mtihani wa kuendesha ni mwezi ujao. Callixte anamfundisha kila Jumamosi mchana kwenye uwanja wa mpira, na watoto wanajaa kutazama.

Ameshashona begi la kompyuta kwa turubai, lenye mikanda ya kufunga nyuma ya kiti. Wifi yake amekubali kukaa na mama kila Alhamisi. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari ameorodhesha vituo vitano vya afya ambavyo ataanza navyo.

"Nikipata leseni, sitasema tena ileteni," anasema. "Nitauliza tu, uko wapi?"

Kutoka kwenye kiti chake, Nyirakanyana anaweka blanketi vizuri magotini. "Ameanguka mara nne tayari," anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya fahari. "Mara zote nne ameinuka kabla pikipiki haijajizima."